Mota Haijaungua: Mashine ya Kufulia na Jumamosi ya Binti wa Watu

Najua nimekuwa kimya, kazi za chumba cha habari zilinibana mpaka basi. Leo siandiki siasa, wala bei ya sato pale Kirumba. Leo naandika kuhusu mashine ya kufulia nguo. Ndiyo, umesoma vizuri. Usikimbie kwanza.

Mashine yenyewe si ile ya kioo mbele unayoiona kwenye matangazo. Ni ile ya matenki mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Unaijaza maji kwa ndoo, unazungusha taima, nguo zikishafuliwa unazihamisha kwa mkono kwenda tenki la pili. Wenye pesa zao wanaicheka. Lakini kwa hapa Mwanza mimi naona ina akili kuliko hizo nyingine. Nyumba zetu nyingi zimekaa juu ya miamba, na maji ya bomba yana siku zake za kupanda mlima na siku zake za kugoma. Mashine inayokubali maji ya dumu la lita 20 ndiyo mwenzetu.

Basi ikagoma. Tenki la kukamulia likizunguka kama kawaida, ila lile la kufulia likawa linanguruma tu, "mmmmm", halizunguki. Akaitwa fundi wa mtaani. Akawasha, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mota imeungua, bosi. Laki na themanini, hapo bado ufundi."

Akachukua elfu kumi yake ya kuja kuangalia, akaenda zake.

Shemeji, ambaye ndiye baba mwenye nyumba, akasema laki na themanini kwa mashine kuukuu ni kutupa hela, bora tusubiri tununue mpya mwakani. Dada akasema sawa, kwa sasa tufue kwa mikono.

Hiyo "tufue" naomba uiangalie vizuri. Pale nyumbani Nyakato tuko watu saba, na wawili kati yao hawajafika miaka mitatu. Nani anafua? Shemeji hafui. Dada anarudi kazini saa moja usiku amechoka. Mimi nafua zangu. Mashuka, nepi, sare na mataulo yote yanamwendea binti anayetusaidia kazi. Kwa hiyo "tufue" maana yake ni "afue".

Binti huyu ana miaka 19. Alitoka ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, akavuka na kivuko enzi ambazo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa (lilifunguliwa mwaka 2025). Alimaliza darasa la saba, akaishia hapo. Mwaka huu amejiandikisha kufanya Mtihani wa Maarifa, ule ambao wote tunauita QT. Ukiufaulu unapata sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa mtu aliyeishia la saba, huo ndio mlango.

Tuisheni yake ni Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa sita. Na Jumamosi ndiyo siku ya kufua. Mashine ikiwa nzima, anaijaza saa kumi na mbili, saa mbili kasorobo nguo ziko kwenye kamba na yeye yuko barabarani na madaftari yake. Kwa mikono, anaanza saa kumi na mbili na kumaliza saa nane mchana, mgongo umepinda. Kwa hiyo fundi aliposema mota imeungua, kilichoungua hasa ni tuisheni.

Jumamosi mbili zikapita. Hakulalamika hata mara moja. Ile ya pili, akiwa anasuuza, aliniambia tu, "Kaka, wenzangu wamefika kwenye aljebra." Akaendelea kusuuza.

Jirani mmoja, mama mtu mzima, akaja na ushauri wake: kwa nini tusimpeleke ziwani? Kule maji hayana bili, miamba ipo ya kuanikia, na wao walikua hivyo hivyo. Nikamjibu kwa heshima, shikamoo zote, lakini hapana. Ziwa letu lina kichocho. Kinachosumbua ufukweni huku hasa ni kichocho cha tumbo, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo hapa hapa Mwanza ambacho kimekitafiti kwa miaka mingi. Konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya pembeni mwa maji hutoa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, na hivyo hupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache tu. Havihitaji uyanywe maji. Inatosha usimame ndani yake. Sasa nani husimama kwenye maji ya magotini kwa saa tatu, karibu na yale majani? Anayefua. Dawa ya praziquantel ipo na inatibu, lakini ukirudi majini kesho kutwa unaambukizwa upya.

Basi nikarudi kwenye mashine, safari hii kwa akili ya kazini. Kazini kwetu habari ya chanzo kimoja haiendi hewani. Fundi ni chanzo kimoja, tena hakufungua hata skrubu. Alisikiliza mngurumo, akatoa hukumu. Je, kuna kingine kinachoweza kuleta mngurumo ule ule?

Kipo, na wewe unakijua. Hujawahi kukaa kwenye nyumba yenye feni inayonguruma haizunguki, mpaka mtu aisukume kwa kidole? Ukishaisukuma inaenda vizuri siku nzima. Feni ile mota yake haijaungua. Kilichochoka ni kapasita.

Maelezo yake ni haya. Umeme wa majumbani ni wa fezi moja. Peke yake unaivuta na kuisukuma mota pale pale, bila kuiambia izunguke upande gani. Fikiria baiskeli yenye pedali moja: pedali ikiwa juu kabisa, unakanyaga kwa nguvu zako zote na baiskeli haiondoki. Unahitaji mguu wa pili unaokanyaga kwa wakati tofauti na wa kwanza. Ndani ya mota kuna nyaya zilizosukwa mafungu mawili, na kapasita ndiyo inayofanya fungu la pili lipokee umeme kwa wakati tofauti kidogo na la kwanza. Hapo mota inaondoka. Kwenye tenki la kufulia taima hubadilishana miguu hiyo, ndiyo maana nguo huzunguka kulia, zikatulia, kisha kushoto.

Haya, tufungue. Kwanza nilichomoa plagi ukutani. Sijasema nilizima swichi, nimesema nilichomoa. Nikamwaga maji yote, nikaitoa mashine bafuni kwenye unyevu na kuiweka barazani pakavu. Skrubu sita za mfuniko wa nyuma zikatoka kwa bisibisi ya nyota. Ndani kuna mota mbili, mkanda mmoja, vumbi la miaka na pini ya nywele ya mtu.

Nikazungusha puli kwa mkono. Ikaenda laini, haikukwama, kwa hiyo beringi nzima. Mkanda haujakatika. Nikanusa mota ya kufulia, maana mota iliyoungua ina harufu yake, kali, hukosi kuijua. Hakuna. Kisha nikaitafuta kapasita: kiboksi cheupe cha plastiki kimeandikwa 10 na 5, yaani mikrofaradi, na volti 450. Kumi ni ya mota ya kufulia, tano ni ya kukamulia.

Hapa naomba usome polepole. Kapasita hutunza umeme hata baada ya plagi kutoka. Usiishike nyaya zake kwa vidole. Mimi niligusisha nyaya mbili za holda yenye balbu ya zamani, ile ya kamba, kwenye ncha zake, kila upande kwa zamu, nikasubiri kidogo. Balbu inaumaliza umeme uliobaki. Kisha nikapiga picha za nyaya zote kwa simu, rangi kwa rangi, ndipo nikazitenganisha.

Nilikuwa nimeazima mita inayopima kapasita. Upande wa tano ikasoma 4.9. Safi. Upande wa kumi ikasoma 2.7.

Duh.

Nikapima na mota yenyewe ili nisimwonee mtu. Kwenye mashine ya namna hii mafungu mawili ya nyaya za mota ya kufulia hutakiwa yasome ukinzani unaolingana, kwa sababu mota inazunguka pande zote mbili kwa nguvu ile ile. Yalilingana. Kama moja lingekuwa limeungua, tofauti ingeonekana hapo hapo. Ushahidi ukalingana na dalili: upande wa kukamulia mzima, upande wa kufulia mguu wa pili umelegea, na mota haina kosa.

Kwa nini kapasita huchoka? Ndani yake kuna utando mwembamba wa plastiki uliopakwa chuma chembamba zaidi. Umeme ukipanda ghafla, au joto likizidi, cheche hutoboa kitundu kidogo na chuma kilichozunguka kitundu huungua. Kapasita inajiponya, lakini kila ikijiponya inapungua kidogo. Ndiyo maana haifi siku moja. Inazeeka kimya kimya.

Nikashuka mjini, maduka ya vipuri vya feni karibu na Makoroboi. Jina la mahali pale lenyewe linatosha kutufundisha. Koroboi ni zile taa za mafuta ya taa, na pale wahunzi walizitengeneza kwa makopo na vyuma chakavu. Mji huu ulijua kufufua vitu zamani.

"Kaka, unataka ya feni au ya mashine?" muuzaji akauliza.

"Ya mashine. Kumi na tano, volti 450."

"Ninayo ya volti 250, bei poa."

Nikakataa. Umeme wetu unaitwa volti 230 lakini kilele cha wimbi lake hufika kama 325, na ndani ya mota kapasita hubeba zaidi ya inavyopewa ukutani. Ya volti 250 ingekufa mapema. Akaniletea ya 450. Elfu kumi na mbili.

Kuifunga hakukuchukua hata nusu saa. Nyaya kwa mujibu wa picha, viungo vimezibwa vizuri kwa tepu ya umeme na kuinuliwa juu visifikiwe na maji, waya wa ardhi wa kijani na njano nikaurudisha mahali pake kwa spana. Huo usiuache nje kwa uvivu, ndio unaokulinda wewe na mtoto atakayegusa mashine kwa mkono wa maji. Nikafunga mfuniko, nikachomeka, nikazungusha taima.

Ikazunguka kulia. Ikatulia. Ikazunguka kushoto.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi. Akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo Jumamosi naenda?"

Nikamkumbuka Hans Rosling, yule profesa wa Sweden aliyefariki mwaka 2017. Mwaka 2010 alitoa mhadhara maarufu kuhusu mashine ya kufulia. Alieleza jinsi familia yao ilivyonunua ya kwanza akiwa mtoto, na kwamba mama yake alipoacha kufua kwa mikono alipata muda wa kumpeleka maktaba. Unaweka nguo, unatoa vitabu. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani ni maneno matamu ya mzungu. Sasa nauelewa, ila nina nyongeza.

Mashine haimpi mtu muda. Inauweka muda mezani, na wenye nyumba ndio huamua ni wa nani. Kabla haijaharibika, kila dakika iliyookolewa siku za kazi ilikuwa ikijazwa kazi nyingine: "Kwa kuwa umemaliza kufua, hebu..." Unaijua hiyo "hebu". Kwa hiyo jioni ile ile nilikaa na dada na shemeji tukaongea. Tumekubaliana kwamba Jumamosi hadi saa saba ni mali ya binti, mashine ikiwa nzima au ikiwa mbovu. Ikigoma tena, wenye nguo watafua nguo zao. Shemeji amefundishwa taima. Aliguna, lakini Jumamosi iliyopita nilimwona kibarazani anahamisha mashuka, na dunia haikuisha.

Yule fundi nilimpelekea kapasita ya zamani aione. Akaipima, akacheka, "Ee bwana, kumbe!" Sina ugomvi naye. Ila jamani, elfu kumi na mbili na laki na themanini si ndugu. Mtu akikwambia mota imeungua, mwombe afungue, apime, akuonyeshe namba.

Mtihani ni Novemba. Aljebra tumeanza kuifukuzia jioni, baada ya chakula, mimi na yeye na daftari la mraba. Milinganyo ya kwanza ameshaiweza, sasa yuko kwenye mafumbo. Haya, nakimbia, mhariri anadai habari yake kabla ya saa kumi.