Lamu, Kisiwa cha Kuhamia?

Mimi ni karani wa serikali hapa Eldoret, na kwa muda mrefu nilikuwa na nia ya kuhamia Lamu pamoja na jamaa yangu. Basi wakati wa likizo nilivuka kwa mashua kutoka Mokowe, nikaenda kukitazama kisiwa.

Mji una sifa yake. Nyumba ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, vichochoro ni vyembamba, na mizigo huchukuliwa na punda. Mwaka 2001 mji huo ulitiwa katika Urithi wa Dunia.

Lakini sisi tuliozoea mvua ya Uasin Gishu hatuna budi kuuliza habari za maji. Kisiwa hakina mto. Mvua huzama katika vilima vya mchanga vya Shela, na maji matamu hukaa chini yake, juu ya maji ya chumvi. Yakitekwa kupita kadiri, chumvi hupanda. Vilima vikijengwa nyumba, uchafu hushuka.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kila ahamiaye huko huongeza ndoo kisimani. Mimi nimeona heri nibaki na shamba langu, nikazuru Lamu nipatapo likizo. Atakaye kuhamia, kabla ya kuuliza bei ya kiwanja, na aulize kisima.