Barua kutoka Matondoni: maji yanaingilia wapi?

Mjomba,

Natumai ndovu wa Tsavo wamelipita shamba lenu la Kishushe mbali msimu huu. Niko Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kijiji cha mafundi wa majahazi na mashua tangu enzi za mababu. Safari sitaisimulia kwa urefu. Treni ya Voi hadi Mombasa unaijua. Basi la Lamu ni mwendo wa kutwa: Malindi, Garsen, Witu, halafu Mokowe, ambako barabara inaishia baharini na unapanda boti kuvukia kisiwani. Vizuizi vya polisi ni vingi, kwa hiyo ukija weka kitambulisho mfuko wa juu.

Nilichokuja kufanya ndicho utakachotaka kukisikia, maana simjui mtu aliyesaka maji yanayopotea kama wewe. Umezeeka ukifuata mabomba yaliyopasuka na matangi yanayokauka bila kuguswa. Huku kazi ni hiyo hiyo, ila maji hayatoki, yanaingia.

Rafiki yangu niliyesoma naye Voi amerithi mashua ya marehemu babake. Ni ndogo, ya tanga moja, na mbao zake nyingi ni za kabla hatujazaliwa. Ikilala nanga usiku, asubuhi unakuta ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ina maji. Ikitweka tanga na kusi ikashika, mtu mmoja hana kazi nyingine ila kufua maji mpaka mfike. Tulipofika tulikuta mtu fulani ameshalipwa akasiliba saruji kwa ndani, pale pale maji yalipoonekana. Jambo hilo linaniudhi hadi sasa. Saruji ni ngumu na mbao hucheza. Chombo kikipigwa na wimbi, viwili hivyo vinaachana, na maji yanayobaki katikati yanauozesha ubao bila mtu kujua.

Fundi tuliyempata ni mzee, wote hapa tunamwita Ami. Siku ya kwanza hakushika nyundo kabisa. Aliizunguka mashua, akamuuliza rafiki yangu: “Chombo chavuja kikilala au kikenda?”

“Vyote viwili, Ami.”

“Basi tatizo si moja.”

Akatueleza. Maji yanayoingia chombo kikiwa kimetulia yanapita chini, kwenye mkuku (ule uti wa mgongo wa chombo), kwenye fashini (boriti zinazosimama mbele na nyuma), au kwenye mbao za chini zisizotoka majini. Yale yanayoingia chombo kikienda, mara nyingi yanapita kwenye mbao za juu. Mbao hizo huchomwa na jua, zikakauka na kusinyaa hadi maungio yakaachana, halafu upepo unapokilaza chombo upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, ndipo zinapozama. Mtu anayetazama ngama peke yake hawezi kutofautisha, kwa sababu maji yote yanakusanyikia hapo. Akachovya kidole, akaonja. Chumvi. Yangekuwa maji baridi tungeilaumu mvua, tukaacha kumsumbua fundi.

Tukafua maji yote, tukapangusa kwa matambara mpaka ndani pakakauka, tukanyunyiza jivu la makumbi kwenye mkuku na kati ya mataruma, zile mbavu za chombo. Kisha tukakaa kuangalia maji yakijaa. Jivu kavu ni jeupe, na likiguswa na maji linageuka jeusi papo hapo. Baada ya muda mstari mwembamba ukachomoza chini ya taruma moja karibu na tezi, kule nyuma, ukateremka hadi ngamani. Nikaruka kuuonyesha. Ami hakuinuka.

“Hapo yametokea, hayakungilia hapo. Mai yana ndia zake.”

Hapo nikakukumbuka, Mjomba. Nikamweleza unavyofanya na tangi lenye ufa: unaliacha maji yashuke yenyewe mpaka yasimame, na kimo yaliposimama ndicho kimo cha ufa. Ami alifurahi sana. Akasema tutaifanya hiyo hiyo, ila kwa kupanda badala ya kushuka.

Tukangoja bamvua, kwa kuwa siku hizo maji ya Lamu hupwa mbali na kuacha ufuo wazi kuanzia kama saa nne asubuhi. Mashua ikapwelewa, tukaitia gadi pande zote mbili isilale, tukaanza kumimina maji ndani kidogo kidogo, huku rafiki yangu akitia alama ya chaki kila yalipopanda. Mimi na Ami tulikuwa chini, tumelala ubavu kwenye mchanga uliolowa. Kwanza ubao ukatoa jasho tu. Halafu kwenye ungio la ubao wa kwanza na mkuku, chini kabisa ya ile saruji, tone likavimba, likaning’inia, likaanguka, na jingine likafuata. Kutoka hapo mpaka mahali jivu lilipogeuka jeusi ni zaidi ya urefu wa mkono. Maji yalikuwa yakiingilia mkukuni, yakisafiri nyuma ya mataruma, ndipo yanajitokeza. Tulipoongeza maji hadi alama ya chaki iliyofuata, msumari nao ukaanza kulia. Kichwa chake kilizungukwa na duara la kutu, wekundu ule ule wa mawe ya chuma ya Kishushe. Chumvi ilikuwa imeula msumari hadi tundu likawa kubwa kuliko wenyewe.

Mbao za juu hazikuhitaji maji. Ilitosha kuingia ndani, kujifunika tanga kuukuu na kutazama jua likipenya kwenye maungio.

Ukalafati wenyewe, yaani kuziba maungio kwa pamba, ni kazi nzuri kuitazama. Saruji ilibanduliwa yote, pamba ya zamani ikachokolewa, ungio likasafishwa hadi mbao safi zikaonekana. Pamba mpya inasokotwa kama kamba nyembamba, inalowekwa mafuta, kisha inashindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Ami anafanya kazi kwa sikio. Pamba ikiwa bado legevu nyundo inatoa mlio mzito, na ikishiba mlio unakaza na kupanda. Hapo anaacha, kwa sababu akizidisha atazitenganisha mbao. Msumari mbovu aliung’oa, akaziba tundu kwa kijiti, akapigilia mpya kando yake, shingo yake imezungushiwa pamba yenye mafuta. Mwisho tukapaka deheni chini yote, chokaa na shahamu, kwa mikono mitupu. Harufu yake bado ninayo kwenye kucha.

Mchana wa joto tulizungumzia mitepe, vyombo vya kale vya pwani hii ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Vilivuja sana, na kufua maji ilikuwa sehemu ya ubaharia wenyewe. Tukazungumzia pia Flipflopi, chombo cha plastiki kilichoundwa hapa Lamu chini ya fundi Ali Skanda, kikashushwa majini mwaka 2018. Kilitumia tani 10 hivi za plastiki, na ndala 30,000 za kukipamba, na mwaka uliofuata kilifika Zanzibar. Mimi nilitaka kujua habari za maungio tu. Ubao hunywa maji ukavimba, ukajibana na mwenzake. Plastiki hainywi, kwa hiyo ungio lake halipati msaada huo.

Mashua yetu ilirudi majini, na usiku wa kwanza iliingiza maji mengi kuliko mwanzo. Rafiki yangu alikosa raha, lakini Ami alisema mbao zina kiu, tuziache zishibe. Ndivyo ilivyokuwa. Sasa asubuhi ngama ina unyevu wa kupangusa kwa tambara. Kumebaki mchirizi kwenye fashini ya nyuma, karibu na usukani, na Ami hataki kuugusa kabla ya bamvua nyingine, kwa kuwa anashuku ubao wenyewe umeliwa na funza wa baharini. Ikiwa ni kweli, utang’olewa ubao mzima, na bei ya mbambakofi siku hizi ni ya kuomba dua.

Mashua ikitengenezwa, tunataka kwenda Pate kwa kupitia mkondo wa Mkanda, na safari hiyo nitakuandikia kwa kirefu. Ami anauliza kama tangi la shule ulilolisaka ufa mwaka jana linashika maji. Nijibu nimwambie.

Mpwa wako.