Mchunga ng'ombe wa Folsom alisikilizwa akiwa kaburini

Katika mji mdogo wa Folsom, jimbo la New Mexico, magharibi mwa Marekani, wakaaji waliishi kwa ng'ombe. Kunako tarehe 27 mwezi wa nane mwaka 1908, mvua kali ilinyesha na mto ukafurika usiku. Sarah Rooke, mama aliyefanya kazi ya simu, alijulishwa kwamba maji yanashuka. Hakukimbia. Alibaki akipigia jirani mmoja baada ya mwingine, hadi maji yakambeba.

Baada ya mafuriko, George McJunkin alizunguka kukagua nyua za waya. Alizaliwa mtumwa huko Texas mwaka 1851, akafundishwa kusoma na wachunga ng'ombe wenzake, mwishowe akawa msimamizi wa shamba la ng'ombe la Crowfoot. Kwenye korongo lililochimbwa na maji aliona mifupa ikitokeza chini sana ardhini, mikubwa kuliko ya nyati wa siku zile. Alifahamu kuwa ni ya kale. Kwa miaka mingi aliwaeleza watu. Hakuna aliyekuja kuchimba.

Alifariki mwaka 1922. Uchimbaji ulianza 1926, na mwaka 1927 ikaonekana ncha ya mkuki ya jiwe katikati ya mbavu. Ndipo wataalamu wakakubali kwamba watu waliishi Amerika tangu zaidi ya miaka 10.000 iliyopita.

Waliomsikiliza Rooke usiku uleule walipona. McJunkin alisikilizwa akiwa kaburini. Mchunga ng'ombe anajua ardhi anayokanyaga. Akisema ameona kitu, heri mtu aende akaangalie.