Lebo ya Malele

Katika kabati langu mna pakiti ya karatasi ambayo kila niitazamapo hunikumbusha kosa langu la ualimu.

Tangu nistaafu, hukusanya kuvumwani kwa ajili ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Wapenzi wa lugha wataona kwamba jina lenyewe limekwisha kueleza: ni kuvu na mwani vilivyoungana vikaishi kama mwili mmoja. Kuvu hujenga nyumba, mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Simon Schwendener alipolitoa wazo hilo katika miaka ya 1860, wataalamu wengi wa wakati wake walilikataa.

Kazi yenyewe yataka subira. Kilichoota mtini hukatwa kwa kisu pamoja na gome jembamba. Cha jiweni huchongwa kwa patasi na nyundo. Huchukuliwa kidogo tu, kwani aina nyingi hukua milimita chache kwa mwaka. Hutiwa katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kisije kikaota ukungu, kisha hukaushwa penye hewa. Mwisho huandikwa lebo: mahali, mwinuko, aina ya mti au jiwe, tarehe, jina la mkusanyaji. Pasipo lebo, kielelezo ni takataka iliyokaushwa vizuri. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa kosa. Nikiwa mwalimu kijana katika sekondari moja ya pwani, nilileta darasani kishada cha kijivu kilichoota juu ya mti wa ufukoni. Nikauliza jina lake kwa Kiswahili. Binti mmoja akasimama: "Malele, mwalimu. Bibi ndivyo ayaitavyo." Darasa likacheka. Nami, cheti changu cha chuo cha ualimu kingali kibichi, nikasema: "Hilo si neno." Akaketi. Mwaka ule sikumwona tena akinyosha mkono.

Miaka mingi baadaye, nikipekua kamusi kongwe, nikalikuta: malele. Katika karne ya 19 yalikusanywa katika pwani hii, yakasafirishwa kutoka Zanzibar hadi Ulaya kutengenezewa rangi ya zambarau. Jamii hiyohiyo ya Roccella ndiyo iliyotoa litmasi. Karatasi niliyoichovya katika asidi mbele ya yule binti ilikuwa na ukoo na neno nililolikataa.

Mwaka jana nilirudi ufukoni, nikachukua kishada kimoja. Chini ya jina la kisayansi nikaandika: "Jina la wenyeji: malele. Nimelipata kwa mwanafunzi wangu, naye kwa bibi yake." Jina la binti silitaji hapa, kwenye lebo lipo.

Watunzi wenzangu, mkisikia neno geni kinywani mwa mtu, msikimbilie kuuliza kama limo kamusini. Liandikeni, na mwandike mmelipata kwa nani.