Barua kutoka Litein: Mkongwe wa Viunzi

Litein, Kaunti ya Kericho

Mjomba,

Uliniagiza habari za chai, na kwa kuwa ujana wako uliumalizia kwenye mashamba ya Amani najua siwezi kukudanganya juu ya majani. Basi pokea kwa ufupi. Karibu na mji wa Kericho chai ni ya makampuni, imekatwa sawasawa kama mkeka na haina mwisho. Matatu ikishapita Chemosit kuja huku Bureti unaingia kwa wakulima wadogo: kila boma na kipande chake cha chai, mahindi yake na ng'ombe wawili watatu. Mvua huja alasiri bila kuomba ruhusa. Wanachuma majani mawili na chipukizi, kama mlivyokuwa mkichuma ninyi, ila kwa makampuni mashine zimeingia na wenyeji wana kinyongo nazo. Mwaka 2023 baadhi zilitiwa moto. Hayo yatoshe. Nimekuja kwa ajili ya chai, lakini kinachozungumzwa hotelini, juu ya chapati na chai ya maziwa, ni mbio.

Jina la kwanza utakalotajiwa ni Wilson Kiprugut Chuma. Tokyo, 1964, mita 800, shaba kwa 1:45.9, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Miaka minne baadaye Mexico City akapata fedha, nyuma ya Ralph Doubell wa Australia. Alifariki Novemba 2022. Jina linalotamkwa na watoto wa shule ni Beatrice Chebet, binti wa Kericho aliyerudi kutoka Paris 2024 na dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000. Kati ya mzee yule na binti huyu pana kundi zima la watu, na mimi nitakuandikia juu ya mmoja ambaye Tanga sijasikia akitajwa hata mara moja: Paul Kipsiele Koech, aliyezaliwa 1981 Cheplanget, si mbali na hapa ninapoandikia.

Mchezo wake ni mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wewe unaujua kwa sababu ya Filbert Bayi. Umenisimulia zaidi ya mara moja jinsi alivyotoka mbele peke yake kule Moscow mwaka 1980, akashikilia usukani mpaka mzunguko wa mwisho, ndipo Malinowski wa Poland akamkamata. Bayi alipata fedha kwa 8:12.48, na Wakenya hawakuwepo kwa sababu ya mgomo wa nchi yao dhidi ya Olimpiki ile. Ukitaja mgomo huo hapa hotelini wanatabasamu tu, kwa adabu.

Lakini tulipokuwa tukisikiliza habari hizo hatukufikiria magoti. Mbio moja ina viunzi 28 na dimbwi la maji mara 7. Kiunzi ni sentimita 91.4 kwenda juu, na si kile chepesi cha mita 110 ambacho ukikigusa kinalala chenyewe. Huu ni mti mnene uliokazwa. Ukiugonga, anayeanguka ni wewe. Kwenye maji, wengi hukanyaga juu ya mti na kujisukuma mbele, kisha mguu mmoja unapokea uzito wote kwenye mteremko wenye unyevu, na hapo hapo unatakiwa uendelee kukimbia kana kwamba hakuna lililotokea. Amos Biwott, aliyewapa Wakenya dhahabu yao ya kwanza ya mbio hizi mwaka 1968, aliruka dimbwi lote bila kulowa miguu, lakini Biwott alikuwa Biwott. Fanya kazi hiyo Doha, Roma, Oslo, Brussels, msimu baada ya msimu kwa zaidi ya miaka kumi, uone magoti yatakuambia nini asubuhi. Koech aliifanya.

Athens 2004 alikuwa na miaka 22. Wakenya watatu walimaliza watatu wa kwanza: Ezekiel Kemboi 8:05.81, Brimin Kipruto 8:06.11, Koech 8:06.64. Pungufu ya sekunde moja kati ya dhahabu na shaba. Aliyekuwa hatari kuliko wote hakukimbia siku hiyo. Stephen Cherono, mtoto wa Keiyo, alikuwa ameshahamia Qatar na kuitwa Saif Saaeed Shaheen, na Kenya ilikataa kumfupishia muda wa kungoja kabla ya kuiwakilisha nchi yake mpya. Siku chache baadaye, Brussels, Shaheen akavunja rekodi ya dunia kwa 7:53.63. Kijana akitazama hayo angeona wazi kwamba njia yake ya dhahabu ndiyo kwanza inafunguka.

Haikufunguka. Shaba ile ya Athens ndiyo medali pekee ya Olimpiki aliyowahi kupata. Beijing 2008 walikwenda Kemboi, Kipruto na Richard Mateelong. Yeye hakuwemo, ingawa Machi ya mwaka huo huo alipata fedha ya mita 3,000 katika mashindano ya dunia ya ukumbini, Valencia, mbio zisizo na kiunzi hata kimoja. Berlin 2009, mashindano ya dunia, alikimbia 8:01.26 akawa wa nne. Bouabdellah Tahri wa Ufaransa alichukua shaba kwa 8:01.18.

Sasa sikiliza upande wa pili. Diamond League ilipoanzishwa mwaka 2010, bingwa wa kwanza wa viunzi na maji alikuwa Koech. Mwaka 2011, Koech tena. 2012, Koech. Miaka hiyo taji hilo halikutolewa kwa siku moja ya bahati. Ulilikusanya kwa pointi, mji kwa mji, msimu mzima. Na tarehe 31 Mei 2012, Roma, alikimbia 7:54.31. Hapo duniani kote walikuwa wawili tu waliowahi kwenda kasi kuliko yeye, Shaheen na Kipruto, na kila mmoja alimzidi kwa pungufu ya sekunde moja.

Haukupita muda mrefu, mchujo wa taifa wa Olimpiki ya London ukafanyika Nairobi. Nchi inapeleka watu watatu. Koech hakuwemo. Dhahabu ya London ilikwenda kwa Kemboi kwa 8:18.56, sekunde 24 nyuma ya muda ule wa Roma. Najua utasema hesabu hiyo si ya haki, kwa sababu mbio za fainali hukimbiwa taratibu na kila mtu anamvizia mwenzake, na utakuwa umesema kweli. Ila ndipo lilipo jambo lenyewe. Kwa macho yangu Koech alikuwa mtu wa mbio zinazowaka kuanzia mlio wa bastola. Kemboi alikuwa mtu wa mita 300 za mwisho, na medali hugawiwa hapo.

Mwenyeji wangu, mama mmoja mwenye chai yake nyuma ya nyumba, alinieleza jambo hilo vizuri kuliko mwandishi yeyote wa michezo bila hata kukusudia. Alikuwa akinifafanulia malipo ya kiwanda. Kila mwezi mkulima analipwa kwa kilo alizopeleka kituoni. Kisha Oktoba inakuja bonasi, na bonasi ndiyo inayozungumzwa kijijini, ndiyo inayojenga nyumba na kuleta magomvi. Nikamwambia, basi Koech alikuwa mkulima wa malipo ya mwezi. Akacheka, akasema malipo ya mwezi ndiyo yaliyosomesha watoto wake wote.

Mwalimu mstaafu aliyekuwa akinisikiliza mezani hakupendezwa. Kwake mchujo ndio haki yenyewe. Ukianza kuchagua watu kwa sifa za Roma na Oslo, alisema, kesho utachagua kwa ukoo, na vijana wa vijijini wasio na wakala wala tiketi ya ndege hawatapata mlango wa kuingilia. Nilijaribu kumpinga, nikashindwa nusu. Lakini mzee alipokwenda mbali zaidi na kumwita Koech mtu asiye na bahati, hapo nilikataa, na nitakataa nikirudi. Asiye na bahati havuni taji la Diamond League mara tatu mfululizo, na kila taji lilikuja na dola 40,000. Watu wanamhurumia kwa sababu wamezoea kuhesabu kila baada ya miaka minne. Yeye alikuwa akihesabu kila wiki.

Halafu wakanigeukia mimi, mgeni. Waliuliza, mtu wa namna hiyo angekuwa Mtanzania, tungemwacha nyumbani? Nikajibu kwamba sisi tungempeleka hata kama ana homa. Walicheka mpaka mwenye hoteli akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kesho naelekea Bomet kwa njia ya Sotik. Huko nitaambiwa habari za wakimbiaji wao, Emily Chebet na Mercy Cherono, nami nimeshajiandaa. Chai yako nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua, na dereva wa lori anayeshuka Mombasa atamkabidhi binamu yangu, naye ataifikisha Tanga. Usiichemshe na tangawizi kabla hujaionja peke yake. Na ukijibu barua hii, niambie jambo moja ambalo hapa tumeshindwa kulimaliza: fedha ya Bayi ya Moscow, Wakenya hawapo, na shaba ya Koech ya Athens, Shaheen hayupo. Wewe uliyemsikia Bayi redioni, ungeanza na ipi?

Ni mimi mpwa wako.