Kompyuta Ikikwama Ukikopi Faili, Usikimbilie Kufomati

Wasee, mafundi wengi wa mtaani wana jibu moja kwa kila shida: "Hiyo fomati tu." Mashine iko polepole, fomati. Haitoi sauti, fomati. Inakwama ukikopi faili, fomati pia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kompyuta, lakini hilo jibu linanikera vibaya sana.

Mwezi jana niliitwa na mathe mwenye saiba hapa mtaani. Mashine yake bado iko Windows 7, ile Microsoft waliacha kuishughulikia Januari 2020. Ukianza kukopi folda, ule mstari wa kijani unakimbia fiti, halafu unasimama. Kishale kinasonga lakini dirisha limekufa. Alikuwa ashaipeleka kwa fundi tao, akaambiwa diski ifutwe aanze upya. Aanze upya na nini? Humo ndani kuna programu za mazishi za miaka 11, wasifu wa marehemu na picha zao. Watu hupoteza simu, halafu wanarudi kwake: "Mathe, bado uko na ile picha ya guka?" Ukifuta diski hiyo, umefuta nusu ya mtaa.

Sasa, kukwama si ugonjwa mmoja. Saa zingine flashi ndiyo shida. Windows inaweza kuweka data kwa RAM kwanza, ndiyo maana unaona mwendo wa ajabu mwanzoni, kisha kimya, kwa sababu flashi ya bei ya chini bado inahema. Hapo hakuna kitu kimekufa, ngoja tu. Na flashi ikiwa ya FAT32, faili moja ya kufikia GB 4 haitaingia, lakini hiyo utaambiwa wazi kwamba ni kubwa mno.

Kwa hivyo nilitoa flashi yake nikachomeka diski yangu ya nje. Ikakwama tena, na kwa faili ileile. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia. Ikikwama kila mara mahali tofauti, shuku waya, flashi ama antivairasi. Ikikwama kwa faili moja kila wakati, shuku pale faili imelala.

Nikafungua eventvwr, na huko tukio namba 7 lilikuwa limejipanga kama foleni ya Huduma Centre: diski ina sehemu mbovu. CrystalDiskInfo nayo ikawasha rangi ya njano. Diski ikigonga sehemu kama hiyo hujaribu kuisoma tena na tena, na mashine yote inaisubiri. Ndiyo hiyo kuganda.

Hapa watu watakwambia endesha chkdsk /r. Ngoja kwanza. Hiyo amri inapitia diski nzima, na mgonjwa mahututi humpeleki mbio za marathoni. Toa vitu kwanza. Windows 7 inakuja na robocopy, haina hata haja ya bando:

robocopy D:\Kazi E:\Kazi /E /R:1 /W:1 /LOG:E:\orodha.txt

Hizo /R na /W usiziache. Usipoziandika, robocopy itajaribu faili mbovu mara 1,000,000, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Manze, hiyo ni karibu mwaka mzima kwa faili moja! Ukiweka 1, inajaribu tena mara moja, ikishindwa inaruka na kuandika jina lake kwenye orodha.

Tuliiacha usiku kucha, saiba imefungwa, feni inanguruma. Mathe alikataa kwenda nyumbani hadi saa nne. Aliniuliza mara tatu kama stima ikipotea tutaanza upya. Nikamwambia hapana, amri ileile ukiirudia inaruka zile faili ambazo zishafika.

Asubuhi karibu kila kitu kilikuwa upande wa pili. Diski mpya atanunua mwisho wa mwezi, na ile ya zamani nimemwambia asiiwashe tena. Faili 43 zilikataa kabisa. Nilimfungulia ile orodha, akavaa miwani, akawa anasoma majina moja moja kwa sauti. Alipofika la nane alinyamaza, akatoa simu, akapigia binti ya yule mzee kumuuliza kama bado ana nakala ya karatasi.