Diski Ilikuwa Hai

Nilimwambia Mzee kwamba diski ya laptopu yake ilikuwa imeshakufa kabla haijafika mezani kwangu. Nilimwambia nikimtazama usoni, na nikachanganya maneno ya kitaalamu ili asiulize zaidi. Ulikuwa uongo. Diski ilifika ikiwa mbovu lakini hai. Nilifungua folda zake, nikasoma majina ya mafaili kwenye skrini, kisha nikaiua mwenyewe huku vijana wakiniangalia.

Nina fremu ndogo ya kutengeneza kompyuta hapa Dodoma, si mbali na soko la Majengo. Wateja wangu ni wanafunzi wa UDOM na watumishi walioanza kuja na wizara zao baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahama kweli. Kazi ni zilezile kila siku: virusi, skrini zilizopasuka, na vumbi, hasa vumbi, ambalo hapa kwetu tangu Julai linaingia hata kwenye chumvi. Mashine za zamani ni nadra. Ndiyo maana mwaka 2018, Mzee alipoingia na ThinkPad 600E iliyofungwa kwenye kanga, nilichangamka kuliko ilivyonipasa.

Mzee alikuwa bwana shamba Kongwa hadi alipostaafu. Nyumbani kwake alikuwa na kipimamvua, na kila siku ya masika saa tatu kamili asubuhi alikuwa akisoma kiasi cha maji na kukiandika, hata Krismasi, hata siku ya msiba. Kongwa si mahali pa kubahatisha mvua. Mwaka 1947 Waingereza walifika pale na matingatinga kulima karanga, maana Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Wakafyeka mapori, wakakuta udongo wa mfinyanzi ambao kiangazi ulikuwa ukikauka kiasi cha kuvunja majembe ya trekta, na mvua ambayo hakuna aliyekuwa ameipima vya kutosha. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulifutwa. Hasara inayotajwa mara nyingi ni pauni milioni 36. Mzee alikuwa akicheka kila akiisimulia: "Walileta trekta kabla ya kipimamvua."

Laptopu aliipata mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mtaalamu wa mradi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kwa mtu wa rika lake halikuwa jambo dogo. Nchi hii mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na Mzee alikuwa kijana wakati huo. Akajifunza Excel mwenyewe, akahamisha namba zake za mvua kutoka kwenye madaftari, msimu mmoja faili moja. Madaftari akayaweka stoo. Stoo ya Kongwa ina mchwa.

Sasa mashine haiwaki. Ukiibonyeza inalia, inaandika namba 161 na 163, yaani betri ndogo ya ndani imekwisha na saa imepotea. Hayo madogo. Inaendelea kidogo, diski inakwaruza, kisha inaganda kwenye picha ya mawingu ya Windows 98.

Mashine ya umri ule haijui kuwaka kwa flashi. Inataka flopi au sidii, na hii ilikuwa na kisomeo cha flopi. Flopi Dodoma mwaka 2018! Niliuliza maduka yote ninayoyajua, wengine wakacheka. Mwishowe mama mmoja wa Area C, katibu muhtasi mstaafu, akanipa boksi lake lenye barua za ofisini za miaka ya tisini. Nyingi zilikuwa zimeota ukungu. Ukifungua kile kibati cha kuteleza unaona madoa meupe juu ya utepe wa duara. Mbili zilikuwa nzima.

Steshenari moja ya Uhindini ilikuwa bado na kompyuta ya mezani yenye tundu la flopi na Windows XP. XP ina njia yake ya kutengeneza diski ya kuwashia: unafungua kisanduku cha kufomati, unaweka tiki, unasubiri. Nikafanya hivyo, nikapata flopi inayowasha mashine na kukuachia alama ikimetameta, basi. Haina FDISK, haina SCANDISK, haina zana yoyote ya kufanyia kazi. Ikabidi nitafute nakala kamili ya diski ya kuwashia ya Windows 98, nikaimwaga juu ya flopi ileile sekta kwa sekta kwa programu ndogo ya kazi hiyo. Nilipoitoa nikasogeza kile kidude cha plastiki cha kwenye kona, tundu likabaki wazi, ili isiandikike tena kwa bahati mbaya. Kwa hilo nilikuwa mwangalifu sana. Laiti uangalifu wangu ungeishia pengine na si hapo.

Jioni ile vijana wanne wa chuo walikuwa fremuni wakisubiri mashine zao. Niliwaita waje waone. Nikaingiza flopi, ikakoroma, ikaleta menyu. Diski ile ya Windows 98 ina akili: inatenga megabaiti 2 za kumbukumbu ya mashine na kuzifanya kama diski nyingine, inamwaga zana zake humo, na baada ya hapo unaweza hata kuitoa flopi na kuweka nyingine. Niliwaeleza hayo yote kwa sauti ya mwalimu. Kisha nikaandika DIR C:\MVUA.

Yakashuka. MVUA8990, MVUA9091, yakiendelea hivyo, na katikati MVUA9798, msimu wa El Niño. Vijana wakapiga makofi. Chini kabisa DIR hujumlisha ukubwa, na jumla ilikuwa chini ya kilobaiti 400. Flopi inabeba 1440. Flopi ya pili, ile nzima, ilikuwa mezani karibu na kiwiko changu. Kilichotakiwa ni kubadilisha flopi, kuandika COPY na kusubiri kidogo, na kazi yote ya Mzee ingekuwa mkononi mwangu, diski ife isife.

Sikufanya hivyo. Kunakili hakuna utamu wowote kwa mtazamaji. Nilitaka waone mashine imewaka yenyewe, mawingu yamepita, meza ya Windows imefunguka, fundi kashinda. Nikaandika SCANDISK C: nikabonyeza Enter.

Yenyewe ilinipa nafasi. Kabla ya kurekebisha kosa la kwanza iliuliza kama nina flopi tupu, ihifadhi kumbukumbu ya mabadiliko ili niweze kuyarudisha. Nikachagua kuruka. Kila ilipouliza kama irekebishe, nikakubali. Kila ilipokuta vipande vya mafaili visivyo na mwenyewe, ikavigeuza kuwa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, na sikusimama hata kujiuliza hivyo vipande ni vya nani. Ikauliza kama ipime uso wa diski. Nikakubali tena. Ramani ya vijimraba ikaanza kujaa taratibu, halafu B nyekundu moja, halafu tatu, halafu safu. Sauti ikabadilika. Ikawa tak, kimya, tak, kimya.

Kijana mmoja akauliza, "Dada, hiyo sauti ni ya kawaida?"

"Kawaida," nikasema.

Haikuwa ya kawaida, na nilijua. Diski inayoanza kufa ina kichwa cha kusomea kilichochoka au uso ulioanza kuharibika, na kila usomaji wa mahali pabovu unazidi kuiumiza. SCANDISK hairuki mahali pabovu. Inaparudia, inajaribu kuokoa, inaandika matokeo juu ya diski ileile mbovu. Kanuni tuliyofundishwa chuoni, na niliyowahi kuwaeleza vijana walewale, ni kwamba hurekebishi diski mbovu, unainakili kwanza. Ipo programu ya bure, ddrescue, iliyoundwa kwa kazi hiyo: inachukua sehemu nzima kwanza, inaacha mabaya kwa mwisho, inaandika pembeni imefika wapi. Kinachohitajika ni kuchomoa diski na kuiunganisha kwa kifaa cha pini 44, na kifaa hicho ningekiagiza Kariakoo kikaja na basi.

Mashine ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha tena kwa flopi. C haikuwepo. Nikaandika FDISK, ikajibu kwamba hakuna diski kabisa. Vijana walichukua mashine zao na kuondoka bila utani.

Mzee alipokuja nikampa ile hotuba. Akaitikia kwa kichwa. "Ni umri, binti yangu, hata mimi nachakaa." Akatoa elfu kumi ya usumbufu. Nilikataa mara moja, kwa adabu, kama mtu anavyokataa huku akijua atapokea. Nikapokea. Aliponiuliza diski afanye nayo nini nikamwambia haina kazi tena. Akaniachia. Baadaye ilikwenda na mzigo wa chuma chakavu.

Ningeweza kukaa na siri hiyo hadi leo. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko kawaida na mvua zikamwagika Afrika Mashariki nzima. Dodoma, ambako mwaka mzima hatutegemei hata milimita 600, mitaro ilifurika. Mzee akaja dukani na mwavuli, si kwa ajili ya kompyuta. Alitaka tu kuzungumza na mtu aliyewahi kushika kazi yake. Akasema mvua hii anaifananisha na ya 97/98, ila hana namba za kuilinganisha nayo, na kichwa chake hakiamini tena.

Nikamwambia yote. COPY ambayo sikuiandika, flopi ya pili, vijana, uongo.

Alikaa muda. Kisha akauliza, "La 97/98 uliliona?"

"Nililiona, Mzee."

"Na diski iko wapi?"

Nikamwambia.

"Kuharibu nisingekulaumu sana," akasema. "Mimi mwenyewe nimewahi kuwapa watu mbegu mbaya. Lakini ungeniambia kwamba uliyaona, ningeichukua. Nina mtoto wa dada yangu Dar, angeitafutia wataalamu. Wewe uliniambia nimzike mtu ambaye hajakata roho."

Sikuwa na jibu, na hadi sasa sina. Wataalamu wapo wanaofungua diski na kubadilisha kichwa cha kusomea, na wakati mwingine wanafanikiwa. Kosa la jioni ile lilikuwa la kujionyesha. Lililofunga mlango ni la kesho yake, nikiwa nimetulia, hakuna anayenipigia makofi.

Elfu kumi nilimrudishia, akaichukua bila kusita. Kisha akasema nitakwenda Kongwa kufungua stoo.

Madaftari yaliyobaki tumeyatoa, mengine mchwa wameyala pembeni, mengine kati. Nayaingiza kwenye kompyuta Jumamosi, yeye akinisomea, na kila tukimaliza msimu naweka nakala kwangu, kwake kwenye flashi, na kwa mpwa wake Dar. Miaka kadhaa haipo kabisa. Msimu wa 97/98 upo hadi katikati ya Februari. Kurasa zilizofuata zimekuwa unga. Siku ile Mzee aliponiona nimeshikilia kitufe cha sifuri kwenye safu ya Machi akanishika mkono. Sifuri, akasema, ina maana nilikwenda kwenye kipimamvua nikakikuta kikavu. Tukaziacha seli tupu.